SOMO LETU: MFEREJI MMOJA, BUSTANI NYINGI
Namna matawi yote yanavyoweza kutumia programu moja ya kurasa za intaneti

Ndugu Wanachama,

Katika Mkutano Mkuu ujao mtaulizwa jambo moja, nalo ni hili: je, kurasa za matawi yetu katika intaneti zibaki kama zilivyo, kila tawi na yake, au ziwekwe zote katika programu moja ya chama? Kamati haikupenda mnyooshe mikono juu ya jambo ambalo hamjaelezwa. Imetuagiza tuwaandikie somo, nasi tumejaribu kuliandika kwa maneno ambayo hata mtu asiyepata kushika kompyuta maishani mwake atayafuata. Ajuaye kusoma amsomee jirani yake.

Sababu ya jambo hili baadhi yenu mnaijua. Masika yaliyopita miche ya mikarafuu iligawiwa kwa siku mbili tu. Tangazo liliwekwa katika ukurasa wa ofisi kuu, na tawi moja likalinakili siku ile ile. Tawi la pili ukurasa wake ulikuwa umekufa tangu miezi mitatu, kwa kuwa fundi aliyeutengeneza alihama akaenda zake na neno la siri. Tawi la tatu ukurasa wake ulikuwa hai, lakini ulikuwa ukitangaza dawa za kigeni ambazo sisi hatukuziweka. Programu yake haikuguswa kwa miaka miwili, na wezi walikuwa wamekwisha ingia.

Mama mmoja wa tawi lile la pili, aliyekwisha chimba mashimo arubaini, alifika ofisini siku ya tatu, baada ya miche kwisha. Alikuwa amemtuma mwanawe kila jioni atazame katika simu, na kila jioni mtoto alimjibu kuwa hapana kitu. Mashimo yake yalijaa maji ya mvua bure. Sisi hatukuwa na la kumjibu illa kumwomba radhi. Basi twaandika somo hili tukimkumbuka yeye.

TULIYOYAONA MAGAMBA

Katika safari zetu za chama tulifika Magamba, juu ya mji wa Lushoto katika milima ya Usambara, kuwatembelea wakulima wa mboga. Mtu atokaye kisiwani kwetu huvuka bahari hata Tanga, akashika njia ya gari mpaka Mombo, kisha hupanda mlima kwa njia ya kuzunguka-zunguka, kiasi cha kilomita 33, akapita Soni hata akafika Lushoto. Magamba iko juu zaidi, karibu na msitu uitwao kwa jina hilo hilo, na baridi yake si mchezo kwa mtu wa pwani. Hapo ndipo mwaka 2007 kilipoanzishwa chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa.

Asubuhi moja tulitembezwa bondeni. Tuliona mfereji mmoja uliokingwa kutoka kijitoni, nao wapita ubavuni mwa kilima ukinywesha bustani nyingi za kabichi, karoti na viazi. Kila bustani ina mwenyewe na mpaka wake. Hapana mtu anayeingia kulima bustani ya mwenziwe, wala kumwambia apande nini. Lakini mfereji ni wa wote. Ulichimbwa mara moja, husafishwa kwa pamoja, na yuko mzee mmoja anayejua zamu za maji.

Tukamwuliza, “Mzee, kwa nini kila mtu asichimbe mfereji wake?”

Akajibu, “Mto ni huo mmoja, Bwana Katibu. Tukichimba mifereji ishirini, kila mmoja utapasuka kwa siku yake, na mwenyewe atauziba peke yake. Wengine hata hawatajua umepasuka.”

Tukamwuliza tena, “Je, huu mmoja ukipasuka?”

Akacheka. “Hapo tunakosa maji sote. Ndiyo maana hatuendi kulala mpaka tumeuziba.”

Usiku ule mwenyeji wetu, mwalimu kijana, alitufungulia kompyuta yake akatuonyesha kuwa jambo lile lile la mfereji hufanyika katika kurasa za intaneti. Aliyotueleza, pamoja na yale tuliyojifunza baada ya kurudi, ndiyo haya yafuatayo.

MANENO YA KUJUA KWANZA

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa za mwenyewe mmoja katika intaneti, kama daftari lenye jina la mtu juu yake. Watu wengine huita blogu, khasa ikiwa mwenyewe huandika habari mpya kila mara na iliyo mpya hukaa juu.

Seva ni kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, ambayo kazi yake ni kuwapa watu kurasa wanapoziomba kwa simu au kompyuta zao. Yaweza kuwa Dar es Salaam, yaweza kuwa Ulaya. Msomaji hajui wala hahitaji kujua iliko.

Programu ni yale maagizo yanayoifanya kompyuta itende kazi fulani. Kuna programu ambayo kazi yake ni kutunza tovuti: humpa mwandishi mahali pa kuandika, hupanga kurasa, huweka picha, na humwonyesha msomaji.

Kusimika programu ni kuiweka katika seva na kuifanya iwe tayari kutumika, kama mtu asimikavyo mashine ya kusaga.

Ghala ya habari ni pahala katika seva ambapo maneno yote yaliyoandikwa huwekwa katika majedwali, yaani safu na mistari, kama daftari la mpokeaji karafuu.

Hivi leo kila tawi letu lenye tovuti limesimika programu yake peke yake. Mashine nne za kusaga zimewekwa mahali pane, na kila moja yataka mafuta, fundi na mlinzi wake.

MWANZO WA JAMBO HILI

Programu itumiwayo na matawi yetu yote huitwa WordPress. Ilitolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, ambao waliijenga juu ya programu ya zamani iliyoitwa b2, kazi ya Michel Valdrighi. Haiuzwi. Mtu yeyote aweza kuichukua, kuitumia na hata kuibadilisha bila ya kulipa kitu. Kinachotugharimu sisi ni kukodi nafasi katika seva, kulipia jina la tovuti, na ujira wa fundi.

Hapo mwanzo, kusimika programu mara moja kulikupa tovuti moja tu. Mwenye kutaka tovuti kumi alisimika mara kumi. Mtu mmoja wa Ireland, Donncha Ó Caoimh, aliona taabu hiyo mapema, akaitengeneza ile b2 ya zamani ili iweze kubeba blogu nyingi kwa mara moja. Kazi yake ndiyo iliyozaa WordPress MU, herufi hizo mbili zikiwa na maana ya watumiaji wengi. Mwaka 2005 ilifunguliwa WordPress.com, ambapo mtu yeyote duniani aliweza kupewa blogu yake ndani ya mpango huo. Kisha tarehe 17 Juni 2010 lilitoka toleo la 3.0, na tangu siku hiyo uwezo wa kubeba tovuti nyingi umo ndani ya WordPress ya kawaida. Basi programu tuliyo nayo tayari yaweza kufanya kazi hii. Haijawashwa tu.

Wala jambo la kukaa wengi katika nyumba moja si geni kwetu. Mpiga picha Issa Michuzi alipoanza blogu yake mwaka 2005, na Watanzania wengi wakamfuata, walitumia Blogger, ambayo Google ilikuwa imeinunua mwaka 2003. Hapana hata mmoja wao aliyesimika kitu. Walipanga vyumba katika nyumba kubwa ya mtu mwingine. Tofauti ni kuwa sisi twaulizwa kama tujenge nyumba iliyo yetu wenyewe, na matawi yetu yawe ndiyo wapangaji na ndiyo wenye nyumba.

ILIVYO NDANI

Wanachama wengi wametuuliza: kama programu ni moja, habari za Wete hazitachanganyika na za Mkoani? Jawabu ni la. Twataka mlielewe jambo hili vizuri, maana ndilo moyo wa somo.

Wale tuliosoma chuoni zamani twakumbuka kuwa kila mtoto alikuwa na ubao wake. Mwalimu alikuwa mmoja na chungu cha wino kilikuwa kimoja, lakini aya yangu ilikuwa juu ya ubao wangu na yako juu ya ubao wako, na kuufuta wangu hakukufuta wako. Mpango huu wafanana na hayo.

Vitu vinavyotumiwa kwa pamoja ni vitatu. Kwanza ni programu yenyewe. Pili ni yale mavazi ya kurasa, yaani sura na rangi zake, pamoja na programu-jalizi, ambazo ni programu ndogo za kuongeza kazi fulani, kwa mfano kalenda ya mikutano. Tatu ni daftari la majina ya wanaoruhusiwa kuingia, pamoja na maneno yao ya siri.

Vitu vya kila tawi peke yake ni maandishi yake, maoni ya wasomaji wake, mipangilio yake, na picha zake. Katika ghala ya habari, kila tovuti inayoongezwa hupewa nambari, na majedwali yake huandikwa nambari hiyo katika majina yao. Tovuti ya kwanza, ambayo itakuwa ya ofisi kuu, haina nambari. Tawi la kwanza kuongezwa litakuwa nambari 2, la pili nambari 3, na kuendelea. Picha nazo huwekwa katika majalada yenye nambari hizo hizo. Tawi nambari 3 likifuta ukurasa wake, umefutwa katika majedwali ya nambari 3 tu.

Na msomaji ataona nini? Ataona tovuti kamili, yenye jina la tawi, picha za tawi na habari za tawi. Anwani yake yaweza kuwa jina la chama, kisha mkwaju, kisha jina la tawi. Au jina la tawi laweza kutangulia, kisha nukta, kisha jina la chama. Hayo huchaguliwa siku ya kuwasha mpango, na yafaa yachaguliwe vyema, kwa kuwa kuyageuza baadaye kuna taabu nyingi.

NANI ANA UFUNGUO GANI

Katika mpango huu kuna Msimamizi Mkuu wa nyumba nzima. Yeye huongeza tovuti na kuifunga, huweka programu-jalizi na mavazi, na huingia katika kila chumba.

Chini yake kuna Msimamizi wa tawi. Huyu ni bwana katika tovuti ya tawi lake. Huandika, huhariri, hukaribisha waandishi, na huchagua vazi miongoni mwa yale yaliyoruhusiwa. Lakini hawezi kusimika programu-jalizi mpya, wala hawezi kutia ndani ya kurasa maagizo ya kompyuta ya kujitungia. Wengine wataona huku ni kufungwa mikono. Sisi twawaomba wakumbuke ule ukurasa uliokuwa ukiuza dawa. Mlango mmoja ukiachwa wazi katika nyumba ya shirika, mwizi hataishia katika chumba kimoja.

Chini yao wako Wahariri, ambao hupitisha kazi za wengine, na Waandishi, ambao hutoa kazi zao wenyewe. Wako pia Wachangiaji, ambao huandika lakini hawawezi kutoa mpaka mkubwa wao apitishe. Katika tawi ambalo vijana ndio wanaoandika na wazee ndio wanaopitisha, daraja hili la Wachangiaji lafaa sana.

Mtu mmoja aweza kuwa Mhariri katika tawi la Wete na asiwe na cheo chochote katika tawi la Chake Chake. Neno lake la siri ni moja, lakini haki zake hupimwa kwa kila tovuti mbali.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni kuangaliwa. Programu ikitolewa toleo jipya la kuziba mianya ya wezi, fundi huisahihisha mara moja na matawi yote yamepona. Hivi leo husahihishwa mara nne, tena tukikumbuka.

Faida ya pili ni matumizi. Twalipia nafasi moja ya seva na jina moja badala ya manne, na fundi mmoja aweza kuajiriwa kwa mapatano yaliyoandikwa, badala ya kila tawi kumtafuta kijana wake.

Faida ya tatu ni tangazo. Palipo na mpango mmoja, fundi aweza kupanga tangazo la ofisi kuu lionekane juu ya kurasa zote kwa mara moja. Kama ingalikuwa hivyo masika yaliyopita, yule mtoto angaliliona tangazo la miche jioni ya kwanza, katika ukurasa wa tawi lake mwenyewe.

Faida ya nne ni kwa matawi madogo. Tawi lisilo na fedha wala fundi laweza kufunguliwa tovuti kwa muda mfupi, nalo likaandika habari zake kama wakubwa zake.

HATARI ZAKE

Haingekuwa uaminifu kuwaonyesha upande mmoja wa kitambaa. Mpango huu una hatari, nazo ni kubwa kiasi cha kutosha kuwafanya watu wenye akili waukatae, kama hawatazikinga.

Hatari ya kwanza ni zamu za maji. Seva ni moja, na nguvu zake zina mpaka. Tawi moja likiweka picha kubwa mia tatu za harusi ya mwenyekiti, nafasi hupungua kwa wote. Ukurasa wa tawi moja ukiombwa na watu elfu katika saa moja, tovuti za wengine nazo zitajikokota, kama bustani za chini zikaukavyo wa juu anaposahau kufunga maji. Dawa zake ni tatu. Msimamizi Mkuu huweza kuwekea kila tawi kipimo cha nafasi ya picha na karatasi. Picha zipunguzwe kabla ya kuwekwa. Tena iwekwe programu-jalizi ya kutunza kurasa zilizokwisha tengenezwa, ili seva isianze kupika upya kila mgeni anapopiga hodi.

Hatari ya pili ni ufunguo mkuu. Neno la siri la Msimamizi Mkuu likiibwa, nyumba nzima imeibwa. Akifa, au akigombana na chama akaondoka nalo, tutarudi kule kule tulikotoka, na safari hii si tawi moja bali yote.

Hatari ya tatu ndiyo iliyotukosesha usingizi: kikianguka kimoja, vimeanguka vyote. Jambo hili hatuhitaji kufundishwa na wageni. Umeme wa Unguja ulikuwa ukitoka Bara kwa waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mwaka 2008, kuanzia Mei hata Juni, umeme ulikatika karibu mwezi mzima. Kisha ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi hiyo mji mzima ulikuwa gizani, na pampu za maji zisizo na mashine zilisimama. Pemba wakati huo ilikuwa na mashine zake Wesha, wala haikuuhisi msiba huo. Waya wa kuiunganisha Pemba na Tanga ulianza kazi mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya mwaka 2013. Hapana mtu aliyesema tuache umeme wa Bara turudi kwenye koroboi. Walichofanya watu wenye busara ni kuuliza: huu ukikatika, tuna nini?

Tena liko jambo la zamani zaidi, ambalo kila mkulima wa karafuu yampasa kulijua. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Kama mikarafuu yote ya visiwa hivi ingalikuwa Unguja, biashara ile ingalipata pigo la kufa. Lakini ilikuwapo ng'ambo ya pili ya maji, na baada ya miaka hiyo Pemba ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa. Hapana mtu aliyeipanda Pemba kwa kukiogopa kimbunga. Ilitokea tu ikafaa. Sisi tusingoje ya kutokea. Akiba haiozi, na akiba ya maandishi huitwa nakala.

NAKALA NA HAKI YA KUTOKA

Nakala kamili ina sehemu mbili: ghala ya habari, na majalada ya picha na karatasi. Mwenye kuchukua moja akaacha ya pili hana kitu. Twashauri nakala ichukuliwe kila usiku na kompyuta yenyewe, na kila wiki moja ihifadhiwe mbali na seva: moja ofisini kwetu, na moja nje ya kisiwa hiki. Tena kila miezi mitatu fundi aijaribu nakala moja kwa kuifungua, kamati ikitazama. Mbegu isiyojaribiwa haijulikani kama i hai.

Wajumbe wawili waliuliza juu ya tawi litakalotaka kujitoa. Jibu ni kuwa laweza. Programu ina njia ya kutoa maandishi yote ya tovuti moja katika faili moja, na faili hiyo hupokelewa na WordPress nyingine popote. Lakini shikeni neno hili: picha hazimo ndani ya faili hiyo. Kilichomo ni anwani za zilipo tu. Basi tawi linaloondoka lichukue picha zake kabla chumba chake hakijafungwa, la sivyo litakwenda na maelezo ya picha bila ya picha.

JUU YA SHERIA

Mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hivyo tusidhani kuwa jina la mwanachama, nambari yake ya simu na idadi ya mikarafuu yake ni vitu vya kubandikwa ukutani. Kwa kuwa daftari la watumiaji litakuwa moja kwa matawi yote, ulinzi wake nao ni wa matawi yote. Pili, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka mwaka 2018 zilitaka wenye blogu kupata leseni na kulipa ada, na zimebadilishwa tangu hapo. Kabla ya kufungua tovuti mpya, kamati itauliza kwa wenye mamlaka, kwa barua, na majibu tutayachapa hapa.

SHAURI LETU

Baada ya kuyapima haya yote, sisi twaona matawi yaingie katika programu moja, lakini kwa masharti matano yatakayoandikwa katika kitabu cha mkutano:

1. Jina la tovuti na mapatano ya seva yawe kwa jina la chama, si la fundi wala la katibu.

2. Wasimamizi Wakuu wawe wawili, na maneno yao ya siri yawekwe ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri katika sanduku la chama, na yabadilishwe kila mmoja wao anapoondoka.

3. Kila tawi lipewe kipimo cha nafasi kilicho sawa, na asiongezewe mtu illa kwa kauli ya kamati.

4. Nakala zichukuliwe na kujaribiwa kama tulivyoeleza, na taarifa yake isomwe katika kila mkutano wa robo mwaka.

5. Tawi lolote liwe na haki ya kutoka pamoja na maandishi na picha zake, bila ya kuulizwa sababu.

Kama masharti haya hayatakubaliwa, basi shauri letu lageuka: afadhali kila tawi likae na yake. Mfereji wa shirika usio na mzee wa zamu hugombanisha watu walioishi vizuri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Ni vitu gani vitatumiwa na matawi yote, na vipi vitabaki vya kila tawi?

2. Kwa nini Msimamizi wa tawi haruhusiwi kusimika programu-jalizi? Je, mwaona ni haki?

3. Seva ikiharibika usiku wa leo, tutazipata wapi habari zetu kesho?

4. Nani katika tawi lenu ana neno la siri la ukurasa mlio nao sasa? Mtafuteni wiki hii, mlipate na mliandike, hata kama mtapiga kura ya kukataa.

Majibu na maulizo yaletwe ofisini kabla ya mkutano. Yule mama wa mashimo arubaini tumemwandika wa kwanza katika daftari la miche ya masika yajayo, naye ametuahidi kuja mkutanoni kusikia mtakavyoamua.

Wasalaam,
Katibu wa Chama